Wiki Saba za Kuijua Nyeri: Mwongozo kwa Viongozi wa Skauti Sungura

Kila Februari inapokaribia, viongozi wengi wa skauti katika Kaunti ya Nyeri hukodi matatu, huwafunga watoto skafu shingoni na kuwapeleka moja kwa moja hadi kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani. Watoto hufika, hulitazama jiwe, hupigwa picha, hununuliwa soda na kurudishwa nyumbani kabla ya giza. Ukiwauliza wiki moja baadaye waliona nini, watakusimulia habari za soda. Nasema hivi kwa sababu kundi langu la kwanza nililipeleka kwa mtindo huohuo, na tukiwa njiani kurudi mtoto mmoja wa miaka saba aliniuliza kama mzee aliyezikwa pale alikuwa babu yake mwalimu mkuu.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa Skauti Sungura, yaani watoto wa umri wa miaka 6 hadi 10 ambao hawajapanda daraja kuwa Chipukizi. Unaeleza namna ya kuwafundisha watoto hao kaunti yao kwa wiki saba za muhula wa kwanza, kwa mpangilio ambao safari ya kaburini ndiyo ya mwisho. Kiongozi wa kaunti nyingine anaweza kuufuata kwa kubadilisha milima, mito na majina, lakini mifano yangu yote ni ya Nyeri, kwa kuwa ndiko ninakofundisha.

Muhula wa kwanza unatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, Januari na Februari ni miezi ya ukavu, na Mlima Kenya huonekana wazi asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Pili, tarehe kubwa za historia yetu zimerundikana katika miezi hiyo: Baden-Powell alifariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, na baba yake akafariki Sandringham, Uingereza, usiku huohuo, hivi kwamba alipanda juu ya mti akiwa binti wa mfalme na kushuka akiwa malkia, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau na mzaliwa wa Tetu, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na tarehe 22 Februari ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, ambayo skauti huiadhimisha kote duniani. Habari ya Treetops imalize kwa dakika kumi, kwa maana watoto huipenda kama hadithi lakini haiwafundishi mengi kuhusu mahali wanapoishi. Nyingine zinahitaji muda.

Kabla ya mkutano wa kwanza, pata ruhusa ya mwalimu mkuu na barua za idhini kutoka kwa wazazi, moja kwa shughuli za uwanjani na nyingine kwa kila safari. Mimi hutaka mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita, na sikubali mtu mzima yeyote, hata akiwa mzazi ninayemfahamu, abaki peke yake na mtoto.

Ramani ya udongo

Usianze na ramani ya ukutani. Mtoto wa miaka saba akiitazama huona rangi na mistari, na mstari wa mpaka kwake hauna tofauti na mstari wa mto. Anza asubuhi, uwanjani, ukiwa na jembe, debe mbili za maji na udongo ulio laini. Wasimamishe watoto waangalie jua linakotoka, wanyooshe mkono wa kulia kuelekea huko, na uwaambie kwamba sasa nyuso zao zimeelekea kaskazini. Kisha chora chini umbo la kaunti, lenye upana wa kutosha watoto ishirini kuingia ndani bila kukanyagana.

Upande wa mashariki na kaskazini mashariki wajenge Mlima Kenya, na upande wa magharibi wajenge safu ndefu ya Nyandarua. Hapa wape rula. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha juu kabisa cha Nyandarua kina mita 4,001. Ukitumia sentimita 1 kwa kila mita 100, utashawishika kujenga mlima wa sentimita 52, lakini kumbuka kwamba mji wa Nyeri wenyewe umekaa kwenye mita 1,700 na ushei. Kwa hiyo, juu ya uwanja mlima utainuka takriban sentimita 34 na safu ya Nyandarua takriban sentimita 22. Watoto wa miaka tisa na kumi wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe; wadogo waachie kazi ya kushindilia udongo kwa viganja, ambayo kwa kweli ndiyo wanayoitaka.

Milima ikisimama, kila mtoto atafute kijiwe na kukiweka mahali ilipo nyumba yao. Hapa patakuwa na ubishi. Watoto wa kijiji kimoja watataka kurundika mawe yao pamoja, na mmoja atasisitiza kwamba kwao ni mbali zaidi kuliko kwa mwenzake. Waache wabishane, kwa sababu katika ubishi huo ndimo wanamojifunza kulinganisha umbali. Usiviondoe vijiwe hivyo hadi mwisho wa wiki saba, utavihitaji.

Baadaye weka vifuniko vya soda sita kwa maeneo bunge sita: Kieni kaskazini, Mathira upande wa mashariki, Tetu magharibi, Othaya kusini magharibi, Mukurweini kusini, na Nyeri Mjini katikati. Majirani wawe watoto wenyewe: mmoja asimame kaskazini na kuitwa Laikipia, mwingine kaskazini mashariki aitwe Meru, na wengine waitwe Kirinyaga, Murang'a na Nyandarua, kila mmoja akijibu kwa sauti anapoitwa. Kwamba Nyeri ni kaunti nambari 19 kati ya 47, na kwamba katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 759,164, waambie kwa kupita tu. Mtoto hashiki laki saba, ila atakishika kijiwe chake.

Sasa mwaga maji. Toboa mashimo chini ya mkebe, ujaze maji, na mtoto mmoja aushike juu ya kilele kama wingu. Kati ya mlima na Nyandarua pana tandiko la ardhi iliyoinuka kidogo, na ukilijenga vizuri maji yatagawanyika. Yanayoangukia kusini yatateremka hadi Sagana, mto ambao ndio mwanzo wa Tana, na yale ya kaskazini, pamoja na mto Naro Moru, yataelekea Ewaso Ng'iro. Usione haya kuyasaidia kidogo kwa kidole, kwani udongo wa uwanja wa shule hautii kama mlima. Waulize maji yanaishia wapi, na usiwajibu upesi. Mtoto mmoja mwenye mbio awe Tana: aondoke kwenye ramani, apite kwenye mawe makubwa matano yanayowakilisha mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako maji hayo hugeuzwa kuwa umeme, kisha akimbie hadi lango la shule, ambalo ni Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mwingine awe Ewaso Ng'iro, na yeye achoke njiani na kukaa chini, kwa sababu mto huo hauifiki bahari, bali humezwa na kinamasi cha Lorian katika nchi kavu ya kaskazini.

Nimefanya zoezi hili mara nyingi, na karibu kila mara kuna mtoto anayesimama juu ya ule mgongo wa udongo, mguu mmoja huku na mwingine kule, akitangaza kwamba yeye yuko kwenye maji mawili. Mtoto huyo ameielewa Kieni, na ameelewa ni kwa nini shangazi yake anayeishi huko hulilia mvua wakati Othaya kunateleza matope.

Sokoni Karatina

Wiki ya tatu nenda sokoni. Soko la Karatina ndilo bora kwa kazi hii, ingawa soko lolote la kaunti linafaa mradi lina wauzaji waliotoka pande mbalimbali. Epuka siku yenye msongamano mkubwa, na ufike mapema kabla ya jua kali.

Wagawe watoto wanne wanne, kila kikundi na mtu mzima, na ukipe shilingi 100, mfuko wa kiondo na swali moja tu la kuuliza: "Shikamoo mama, hiki kimetoka wapi?" Wafundishe salamu hiyo kabla ya kuondoka, na uwaeleze kwamba mwenye wateja wengi hasumbuliwi. Muuzaji akishajibu, kikundi hununua kidogo na kuandika jina la mahali. Viazi vingi vitakuwa vimetoka Kieni. Nduma zitakuwa zimetoka mabondeni kando ya mito. Na bila shaka mtakuta machungwa na maembe ambayo hayakumea kaunti hii, jambo ambalo watoto wanapaswa kuligundua wenyewe.

Mwambie mama mmoja wa maharagwe awaonyeshe jinsi anavyopima kwa gorogoro. Kuna ustadi katika kujaza ule mkebe hadi nafaka isimame kama kichuguu bila kumwagika, na kuna ustadi mwingine, ambao mama hatausema lakini watoto watauona, wa kuutikisa au kutoutikisa mkebe kabla ya kumimina. Kikundi kimoja changu kilitumia dakika ishirini nzima hapo na kurudi na gorogoro nusu ya maharagwe na hoja kali kuhusu haki.

Chai na kahawa hazitaonekana sokoni kwa wingi, nazo ndizo mazao yanayolipa karo za watoto wengi wa kaunti hii, kwa hiyo wapange wiki hiyohiyo kutembelea shamba la mzazi. Kwenye chai, mchumaji awaonyeshe majani mawili na chipukizi, kisha waeleze kwamba daraja lao lijalo la skauti limepewa jina hilohilo. Kwenye kahawa, waonje utamu wa ganda la tunda jekundu. Mkirudi uwanjani, viazi, nduma, jani la chai na tunda la kahawa vyote viwekwe kwenye ramani ya udongo mahali vilikotoka.

Mkondo na kitalu

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Tetu, na mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Watoto wengi wa Nyeri wanalijua jina lake. Wachache wanajua kwamba katika hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo alisimulia mkondo wa maji uliokuwa karibu na kwao, ambako alipokuwa mtoto alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga, akijaribu kuyaokota huku yakimkatikia mkononi, na kwamba aliporudi baada ya miaka mingi aliukuta mkondo umekauka. Wasimulie hayo mkiwa mmekaa kando ya mkondo, si darasani. Kisha wape robo saa ya kuchuchumaa na kutazama bila kuingia majini: ni wadudu gani wanatembea juu ya maji, mizizi ya mti upi imeshika ukingo, na ni takataka gani zimeletwa na maji kutoka juu.

Shughuli inayofuata ni kitalu. Hapa viongozi wengi hukosea kwa kupanda miti Februari ili wapate picha ya Siku ya Mwanzilishi, na miche hufa kabla ya Pasaka. Februari ni mwezi wa kuotesha. Kusanyeni pakiti tupu za maziwa, mzioshe, mzitoboe chini na kuzijaza udongo wa msituni uliochanganywa na mbolea ya samadi. Otesheni miti ya asili kama mwiri na mutamaiyu, ambayo majina yake watoto wataulizia nyumbani, na kila pakiti iandikwe jina la mtoto atakayeimwagilia. Upandaji uje miche ikishakomaa na mvua zikishika, na mti wa mtoto aliyepanda daraja kwenda Chipukizi aendelee kuutunza yeye mwenyewe.

Kumwalika guka au cucu

Wiki ya tano mwalike mzee mmoja au wawili, guka (babu) au cucu (bibi), wazungumze na kundi. Hii ndiyo shughuli yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kuiharibu. Wazee walio na miaka themanini na zaidi walikuwa watoto wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Oktoba mwaka 1952, na katika kaunti hii hakuna boma ambalo halikuguswa na vita vya Mau Mau. Kuna familia zilizokuwa na mtoto msituni, na kuna familia zilizokuwa na mtoto miongoni mwa walinzi wa serikali ya kikoloni, na zipo nyingi zilizokuwa na wote wawili.

Mwaka mmoja sikuwaandaa watoto ipasavyo. Msichana mdogo, kwa nia njema kabisa, alimuuliza guka mmoja aliyekuwa akisimulia vizuri: "Wewe ulikuwa upande gani?" Mzee alinyamaza, akavua kofia, akaivaa tena, kisha akaomba maji. Hakuendelea, na mimi nilikwenda kumwomba radhi kwake jioni ile. Tangu hapo huwa nawatembelea wazee siku chache kabla, nawauliza wanataka kuzungumzia nini, na nawapa watoto maswali matatu wayakariri: ulipokuwa na umri wangu ulicheza mchezo gani, ulitembea umbali gani kwenda shule, na ni kitu gani kilichokuwapo hapa ambacho sasa hakipo. Swali la tatu hufungua mengi. Mzee anayetaka kusimulia habari za hali ya hatari atazifikia mwenyewe kupitia hilo, na asiyetaka atasimulia habari za mti wa mugumo uliokatwa.

Habari za Kimathi wasimulie wewe, kwa ufupi na kwa heshima: kwamba alizaliwa mwaka 1920, alipigania ardhi na uhuru, alikamatwa mwezi Oktoba mwaka 1956 na kuuawa na serikali ya kikoloni mwaka uliofuata. Namna alivyouawa si lazima kwa mtoto wa miaka sita. Lakini waambie kwamba familia yake haikupewa mwili wa kuzika, na kwamba mjane wake, Mukami Kimathi, aliyefariki mwaka 2023, aliudai kwa miaka mingi.

Alama za njia, kisha safari

Tangu wiki ya kwanza, kila mkutano tumia dakika kumi za mwisho kwa alama za njia. Mawe yaliyopangwa kama mshale humaanisha pita huku. Vijiti viwili vilivyopishana humaanisha usipite. Wiki ya pili na ya tatu, Chipukizi wawili wakubwa watangulie na kuweka alama hadi nyuma ya jikoni ya shule, na Sungura wawafuate. Mwisho wa kila njia kuwe na duara la mawe lenye jiwe moja katikati, ambalo kwa skauti humaanisha: nimekwenda nyumbani. Watoto wakilifikia duara hilo, mchezo umekwisha na kila mmoja huenda kwao. Usiwaambie kwamba wataliona mahali pengine.

Kisha ifike safari. Siku yenyewe ya tarehe 22 kaburi huwa limejaa skauti kutoka sehemu nyingi za nchi, pamoja na hotuba na gwaride, na mtoto mfupi ataona migongo ya watu tu. Chagua Jumamosi inayofuata. Anza na Paxtu, nyumba ndogo iliyo katika hoteli ya Outspan, ambamo Baden-Powell na mkewe Olave waliishi tangu mwaka 1938 hadi alipofariki. Omba nafasi mapema, na uwaonyeshe watoto jinsi mtu aliyesafiri dunia nzima alivyoridhika na vyumba vichache mahali ambapo, mawingu yakiondoka, mlima huonekana.

Kutoka hapo nendeni kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Wapange watoto nusu duara mbele ya jiwe na usiseme lolote. Usilisome jina, usitaje tarehe, wala usiwaambie kwamba majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yamewekwa hapohapo. Subiri. Juu ya jiwe lile imechongwa duara yenye nukta katikati, na katika makundi yangu haijapita dakika mbili kabla ya mtoto mmoja kuinyooshea kidole na kuwasomea wenzake. Sauti yake itashuka kidogo anapofika neno la mwisho. Baada ya hapo ndipo unapoweza kueleza mengine, nao watasikiliza.

Uwe tayari kwa swali kuhusu Kimathi, kwa sababu aliyesikiliza vizuri wiki ya tano ataliuliza. Mjibu ukweli kwamba hadi leo familia yake haijapata kumzika, na uache kimya kiwepo. Soda zinunuliwe baadaye, mjini.

Jumatatu warudishe watoto kwenye ramani ya udongo, ambayo kufikia hapo itakuwa imepasuka kwa jua na kuchimbwa na kuku. Kila mmoja atafute kijiwe chake na akizungushie duara kwa kidole, kabla mvua za Machi hazijaisomba.